Maji Ndani ya Waya

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na tisa Agosti 2025, na asije mtu akaniambia ni kazi ya Mungu peke yake. Mungu ana yake na watu wa maji wana yao. Asubuhi hiyo, saa nne, mke wangu Zubeida alinitumia sauti kwenye simu. Maneno mawili tu: "Boga, ndoo." Kisha kitu kikafanya shhh, kisha kimya.

Hapo lazima nieleze, maana mtu wa bara akisoma ataona hakuna cha kueleza. Ndoo ni ndoo, ya maji. Lakini Zubeida alizaliwa Kibokoni, na kwao njia ni ndia, njaa ni ndaa, na njoo ni ndoo. Mimi ni Mdigo wa Likoni. Nilimvusha kwa feri nikamleta ng'ambo hii na ndugu zake hawakunisamehe. Siku za kwanza za ndoa nilikuwa nyuma ya nyumba, akaniita, "Boga, ndoo," nikamwendea na ndoo mkononi. Alicheka mpaka akakaa chini. Ukawa ndio mzaha wa nyumba yetu. Akiniita mimi, naenda na ndoo. Akitaka ndoo, naenda mikono mitupu, aniulize, "Na ndoo je?" Mzaha wa watu wasio na maji huo. Mahali bomba linapotoa maji, neno hilo halingemtatiza mtu.

Jumanne ile bomba lilikuwa na wiki mbili halijatoa hata pumzi. Mimi ni fundi wa mikokoteni hapa kwenye mteremko wa feri, mikokoteni ile ya kuuzia maji, na sitaficha kwamba bomba likikauka ndipo ninapopata kazi. Ndoo nzuri ya nyumbani nilikuwa nimeipeleka kazini, ya kuzamishia mipira nikitafuta pancha. Zubeida alikuwa akinidai ndoo yake tangu Ijumaa. Maji yakija ghafla nitayakingia nini, kanzu yako? Ndivyo alivyokuwa akisema. Kwa hivyo simu ilipolia nikasikia "Boga, ndoo," sikujiuliza mara mbili. Niliisuuza, nikapitia kisimani kwa kina Dhahabu, nikapanga foleni, nikaijaza, nikaipeleka nyumbani begani. Zubeida nilimkuta sakafuni jikoni, na jirani yetu Nyevu ameshamfunika leso. Presha, wakasema. Maji ya kumwoshea yalikuwa yale yale ya ndoo, na mengine tukanunua.

Matangani shemeji yangu Taha akaomba kuisikia ile sauti. Akaisikiliza, akairudia, akanipa simu yangu.

"Dadangu alikwita, Boga," akasema mbele za watu. "Alikwita, nawe ukashika ndia ya kisimani."

"Alitaka ndoo, shemeji."

"Kwetu mtu akisema ndoo, amesema ndoo."

"Hata kwetu."

Watu wawili wakacheka, halafu wakakumbuka wako matangani.

Basi jambo lenyewe ni hilo, silizungushi. Kama bomba lilifunguka asubuhi ile, Zubeida alitaka ndoo akinge maji. Alikuwa mzima, na mauti yakamkuta baadaye, na hakuna mtu angeyazuia. Kama bomba lilikuwa kavu, aliniita mimi, nami nilikuwa nimesimama kwenye foleni nikitazama kisogo cha mwenzangu. Nyevu asema bomba lilikohoa kidogo. Jirani wa pili asema halikukohoa, aliyekohoa ni Nyevu. Mimi nilipofika lilikuwa kavu, lakini hapa kwetu maji huja na kuondoka kabla mtu hajapata kiatu cha pili. Nilikwenda ofisi ya maji kuuliza. Nikaambiwa mitambo imelala. Nikarudi. Nikaambiwa anayejua yuko semina.

Taha akaenda akitangaza mjini kwamba Mdigo aliitwa hakwenda. Kilichobaki ni ile shhh. Ile ni sauti ya bomba likitoa maji, au ni nini?

Chumba changu cha mbele nimempangisha Mwende, msichana wa Kikamba anayeuza vifaa vya simu karibu na stendi. Siku moja alinikuta barazani nimeibana simu sikioni.

"Mzee, shikamoo. Hiyo spika ya simu yako ilikufa kitambo. Huwezi kusikia kitu hapo."

"Marahaba. Basi nisikie kwa kitu gani?"

"Si ukuje Jumapili kwa kile chama chetu. Kuna wasee huko wako na earphone za kila aina. Wanaskia mpaka mdudu akikohoa."

Nikaenda. Hukutana nyuma ya mkahawa mmoja wa njia ya Mtongwe, chini ya turubai, alasiri. Sijawahi kuona watu wazima namna ile. Mezani pamejaa earphone, zile za kuingiza ndani ya sikio, kama vile mtu amemwaga kunde. Zote ni za bei rahisi, na hilo ndilo wanalojivunia, kupata sauti kubwa kwa senti kidogo. Lakini zile nyaya huchomoka, na wao huchomoa waya uliokuja nazo, hununua mwingine. Earphone yenyewe bei ya sahani ya biriani, waya wake bei ya mbuzi. Ndivyo wanavyobana matumizi.

Na maneno yao. Mmoja ataweka earphone, atafumba macho kama anayeonja mchuzi, atasema sauti hii ina joto. Mwenzake ataitia yeye atasema hapana, ina giza. Wa tatu atabadilisha vile vipira vya kwenye ncha na kusema sasa pazia limefunuka. Pazia gani? Tuko chini ya turubai la mbolea.

Mwenyekiti wao ni Abdulghani, kijana aliyenenepa kabla ya wakati wake, afisa wa ofisi ya maji. Siyo afisa wa kukata risiti. Yeye ni wa mgao, anayepanga bomba la mtaa gani lifunguke siku gani. Mwende aliponijulisha kwake aliinuka nusu, earphone zote mbili masikioni, akaniamkia kwa kelele kama niko ng'ambo ya kivuko.

"Shikamoo, mzee!"

"Marahaba," nikasema. Hakusikia. Nikajua nimefika serikalini.

Pembeni yake alikaa Awadh, mwenye duka la viungo, mtu wa Nyali. Kila Jumapili anavuka daraja, kisiwa na kivuko kuja Likoni kusikiliza waya. Alikuwa na waya mmoja wa fedha tupu, umesukwa nyuzi nne kama nywele za bibi harusi, anauweka ndani ya kimfuko cha mahameli. Anapoutoa, wenzake husogeza vikombe.

Nikawaeleza shida yangu kama nilivyoieleza hapa, neno lile, foleni, na shemeji. Wakasikitika, wakasema Mungu amrehemu. Abdulghani akatoa earphone moja ili asikitike vizuri. Nilimwambia pale pale, "Na wewe mwanangu ndiye mwenye maji. Siku hiyo yalitoka?"

"Inshallah tutaangalia, mzee," akasema. "Lakini kwanza tuisikilize. Tusiseme kabla ya kusikiliza."

Mwende akaihamisha ile sauti kwenye kifaa chao. Awadh akawa wa kwanza, na waya wake wa fedha. Akafumba macho.

"Allahu Akbar," akasema polepole. "Hapo. Baada ya neno ndoo. Maji yale, mzee. Yanaangukia kwenye saruji. Mpaka nasikia yameruka."

Wallahi nilitaka kumpigia Taha saa ile ile. Lakini Abdulghani alikuwa ameshanyoosha mkono. Akatia earphone zake, waya wa shaba.

"Si maji," akasema. "Ni feni."

"Hatuna feni," nikamwambia.

"Basi ni upepo. Upepo wenye mwili. Awadh, waya wako unatia chumvi huko juu, nimekwambia kila siku. Fedha hung'arisha kila kitu. Hata ukirekodi jiwe utasikia maji."

"Na shaba yako inaziba. Wewe hata mvua ikinyesha utasema ni mtu anakaanga."

"Inaziba wapi? Hii imetakaswa mara saba."

"Hata maiti haoshwi mara saba."

Awadh akanitazama, akatazama chini. "Samahani, mzee."

"Endeleeni," nikasema.

Wakaendelea, tena bila shida. Mwende akachukua earphone za dukani kwake, zile anazowauzia makondakta, waya wake ni ule uliokuja kwenye pakiti, mwembamba kama tambi. Akasikiliza.

"Mimi naskia shhh," akasema. "Basi."

"Shhh ya maji?" nikamuuliza.

"Shhh ya shhh, mzee."

Jumapili ile nilirudi nyumbani na maji kwa mmoja, upepo kwa wa pili, na shhh kwa wa tatu. Abdulghani alisema kama mwenyekiti anapendekeza tusiharakishe, wataleta earphone nyingine, zenye vipaza viwili kila sikio, na suala litashughulikiwa. Nimeyasikia maneno hayo maisha yangu yote, ila siku hiyo niliyasikia kutoka kwa mtu aliyekuwa akitoa nta sikioni.

Jumapili ya pili wakaja na nyaya nyingine. Ya tatu vilevile. Na hapo ndipo nilipogundua kitu. Hawakuwa wakitafuta maji tena. Walikuwa wanapima earphone, na kipimo chao kilikuwa Zubeida. Awadh akitaka kuonyesha waya mpya, husema, "Piga ile ya ndoo." Akipenda, husema hii inatoa maji mengi. Asipopenda, husema hii ni kavu. Wakapeana ile sauti wenyewe kwa wenyewe, ikavuka, ikafika kwa wenzao wa Kisauni na Changamwe. Siku moja simu ya Abdulghani ikalia, mtu wa Changamwe anauliza: earphone hizi nimenunua leo, mbona ndoo yangu haina maji?

Wakacheka. Na mimi nipo.

"Mwenye ndoo huyu hapa," nikawaambia. "Alikuwa na jina."

"Hatumaanishi vibaya, mzee wangu," Abdulghani akasema. "Ni kwa vile ile rekodi ni nzuri sana kwa kupimia. Sauti ya marehemu iko karibu, ina hewa. Ni heshima."

"Hewa nayo mnagawa kwa zamu?"

Mwende alicheka peke yake, mkono mdomoni.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani aliniomba msamaha, maana yeye ndiye aliyewapa. Nikamwambia kama anataka kunilipa, basi aniambie kweli. Katika watu hawa, ni nani anayesikia na ni nani anayejisikia? Akatembea kidogo.

"Jumapili nitakuonyesha," akasema. "Ila mzee, usikasirike na kile kitakuja."

Jumapili hiyo alikuja na leso. Akamwambia Awadh, "Leo tutakufunga macho. Mimi ndio nabadilisha waya, wewe unasema tu kama kuna maji."

"Mimi sihitaji macho," Awadh akasema. "Fedha huijua gizani."

Akafungwa leso, mtu mzima na ndevu zake, kama mchezo wa watoto wa chuo cha Kurani. Mwende akampachika earphone. Waya aliotia ni ule mwembamba wa pakiti, wa makondakta. Sote tuliuona. Sauti ya Zubeida ikapigwa.

Awadh akainua kidole. "Huu wa fedha. Maji hayo. Tena leo nasikia hata bomba lenyewe, ni la chuma, si la plastiki."

Mwende akachomoa, akatia ule wa fedha wenyewe, wa mahameli.

"Huu takataka," Awadh akasema. "Kavu. Huu ni wa pakiti, nautambua mbali."

Alipofunguliwa leso akautazama waya wake ukining'inia sikioni. Akawa hana rangi. Halafu akasema maneno ambayo nitayakumbuka mpaka nizikwe. Akasema waya wa fedha ni mpya bado, haujazoea. Lazima upigiwe muziki siku nyingi kwanza ndipo ufunguke.

"Kwani ni punda?" Mwende akamwuliza.

Abdulghani alifurahi mno, maana shaba ilikuwa imeshinda bila kucheza. Hapo Mwende akamgeukia yeye, na akatoa simu ya Zubeida, ile yangu ya zamani niliyompa mke wangu, ambayo nilikuwa nimemwachia Mwende usiku uliopita.

"Na wewe mwenyekiti, skia hii." Akampigia kitu. "Unaskia nini?"

Abdulghani akatega, akafumba macho. "Ule upepo wangu. Si nilisema? Upepo wenye mwili."

"Hiyo nimerekodi jana chumbani kwangu na simu hii ya marehemu. Dirisha limefungwa. Hakuna mtu, hakuna feni, hakuna maji. Hiyo simu inapiga shhh yenyewe. Ilikuwa ya mzee, imezeeka kama yeye."

Basi. Ndiyo yale aliyoniambia nisikasirike. Ile shhh haikuwa maji na haikuwa upepo. Ilikuwa simu yenyewe. Jumapili zote zile tulikuwa tumekaa chini ya turubai tunasikiliza simu ikipumua. Awadh alisikia alichokilipia, na Abdulghani alisikia kisichomgharimu. Wala haina maana kwamba bomba lilikuwa kavu. Pengine maji yalikuwa yanatiririka kabisa na simu haikuyashika. Haina maana yoyote. Ilikuwa ni "Boga, ndoo," na baada ya hapo hakuna shahidi.

Nilikasirika, sitasema uongo, lakini si kwa Mwende. Niliwatazama wale watu wakianza tena, kabla chai haijapoa, kubishana kama jaribio lile lilikuwa la haki, kama leso haikubana masikio, kama kitambaa cha leso hakipunguzi besi. Nikaona hapa mezani sote tumesahau kwamba kitu ninachokitafuta hakimo ndani ya waya wa mtu. Hakijawahi kuwamo. Kiko kwenye bomba, na bomba lina mwenyewe, na mwenyewe ameketi mkabala wangu akichovya mahamri.

"Abdulghani," nikamwita.

Akatoa earphone ya kushoto. "Naam, mzee."

"Wewe unaweza kutofautisha shaba na fedha kwa sikio."

"Alhamdulillahi. Ni mazoezi tu."

"Basi niambie la kazini kwako, halihitaji sikio. Mtaa wetu, nyuma ya msikiti, Jumanne ile ya Agosti, saa nne asubuhi. Mlifungua au hamkufungua?"

Akatafuna. "Ratiba ya wiki ile, kama sikosei, mtaa wenu ulikuwa upate maji."

"Ratiba siiulizi. Ratiba haichotwi. Nauliza bomba."

"Mzee wangu, mimi hupanga. Wa kufungua ni wengine, huko kwenye koki."

"Na wao nikawauliza, wakasema hufungua wakiambiwa na wewe."

"Pengine umeme ulikatika kwenye pampu."

"Ulikatika?"

"Nasema pengine."

Awadh akaingilia, kutaka kusaidia. "Mzee, mwache mwenyekiti. Hili jambo la Mungu."

"Mungu hana ofisi ghorofa ya pili," nikamwambia. "Huyu anayo. Huyu anasikia mdudu akikohoa, lakini Likoni nzima inapiga ndoo kwa vijiko na yeye hasikii. Mimi sitaki fidia. Sitaki pole, pole mmeshanipa na mkaipigia muziki. Nataka neno moja, ndiyo au siyo, nimpelekee Taha. Akisema ndiyo, nitalala. Akisema siyo, sitalala, lakini nitajua kwa nini. Sasa hivi sijui hata niamkie lipi."

Nilimwona Mwende amekunja ile leso vipande vidogo vidogo mapajani.

Abdulghani akafuta vidole. Akanitazama, na kwa muda mfupi nilidhani mtu ametokea ndani ya yule afisa, maana macho yake yalilegea na mdomo ukafunguka. Halafu akaokota ile earphone ya kushoto mezani, akaipuliza, akaifutia shati.

"Njoo ofisini, mzee," akasema. "Mambo ya ofisi tuyazungumze ofisini."

Akaipachika sikioni, akaipindua kidogo ikae vizuri.

Nilikwenda. Alikuwa semina. Nimekwenda tena. Jumapili huwa chini ya turubai, na kila Jumapili nakaa mbele yake, nangoja abadilishe waya, maana ndio wakati pekee masikio yake yako wazi, namwuliza lile lile. Wenzake wameshazoea. Awadh hunisogezea kiti na kuniagizia kahawa. Ndoo yenyewe iko kazini, inatafuta pancha. Bomba la nyumbani nimelifungua na silifungi, mchana na usiku, ili likitoa nisikie. Na Taha bado yuko mjini na ulimi wake. Naandika hapa ili na wengine wamwulize, wenye sauti kubwa kuliko yangu, au waya mzuri zaidi: saa nne ya asubuhi ile, mtaa wetu, maji yalitoka?